Vifuniko Nyuma ya Jiko

Minago, Jumanne tarehe 4 Februari

Boaz amerudi na madaftari mawili. Moja ni la kuandikia sukari ya mke wake. La pili nimelichukua mimi, kwa sababu kuna mambo nyumbani humu ambayo nisipoyaandika nitayasema, na nikiyasema mtu ataumia. Kuandika najua. Kule kambini Tanzania nilifika darasa la sita, na mwandiko wangu ulibandikwa ukutani kwa mwalimu mkuu. Muulizeni yeyote niliyerudi naye.

Habari ni hii. Jessica, mke wa Boaz wangu, ana mimba ya miezi sita, na leo muganga Anita pale kituo cha afya amempima akasema ana kisukari cha mimba. Si cha kurogwa. Kimekuja na mimba, na kikishikwa vizuri, mara nyingi kinaondoka mtoto akishazaliwa. Kisiposhikwa mtoto ananenepa kupita njia yake, anaweza kukwama mabegani, anaweza kufia tumboni siku za mwisho. Hilo la kufa Anita alilisema kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu ni ya mama.

Wamepewa kimashine cha kutoboa kidole. Asubuhi kabla ya kula isifike tisini na tano. Saa moja baada ya kula isifike mia na arobaini. Sukari hapana, fanta hapana, uji mtamu hapana. Maharage, majani ya lengalenga, samaki wadogo wa ndagala, sawa. Ugali kidogo tu, na kutembea kila akimaliza kula.

"Ugali mumpimie," Anita akasema. "Tafuteni kikombe kimoja kidogo, kiwe hicho hicho kila siku."

Niliposikia kikombe, damu ilinipanda, maana namjua atakayecheka.


Jumatano tarehe 5

Nieleze cha kikombe.

Siku ya mahari, miaka miwili iliyopita, tulikwenda Magara kwa mama yake Jessica. Anaitwa Généreuse, Mkongo wa upande wa Uvira, mjane, anauza samaki ufukweni, ana mdomo unaosikika ng'ambo ya ziwa. Mimi na yeye tunaitana bamwana, ndivyo wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Nilikuwa nimevaa kitenge ambacho hadi leo hakijapata mwenzake Rumonge nzima. Mbele ya watu, bamwana akasimama na glasi yake akasema: "Bamwana yangu iko mutu muzuri. Lakini hawa batu ba kambi bamezoea kulishwa na kikombe. Mutoto yangu asiende kupimiwa chakula kama mukimbizi."

Watu wakacheka. Pasta akacheka. Ndayisaba, kaka yangu wa tumbo moja, aliyekula kutoka kikombe hicho hicho pamoja nami, akacheka.

Na mimi nilicheka. Kicheko kile kimenikaa kooni tangu siku hiyo.


Jumamosi tarehe 8

Mvua tangu asubuhi. Ziwa limepanda hadi kwenye michikichi ya jirani.


Jumapili tarehe 9

Mwanangu si mtu wa kawaida. Anafundisha darasa la nne, ana watoto themanini chumba kimoja, akirudi saa saba anaosha mikono, anashika kidole cha mkewe kama anashika yai, anatoboa, anaandika. Ameacha fanta. Ameacha chai ya sukari. Anakula sahani ile ile ya Jessica, ugali wa kikombe, majani mengi, na usiku nasikia tumbo lake linanguruma ukutani. Baada ya kula wanatembea hadi ufukweni na kurudi. Majirani wanamcheka, mwanamume anayemtembeza mke kama mbuzi. Nimewaambia hapo hapo njiani: "Waume zenu hawajui hata mimba zenu zina miezi mingapi."

Marehemu Zabroni, baba yake, hakujua. Huyu moyo wake ameurithi kwangu.

Leo: themanini na nane asubuhi, mia na ishirini na tisa mchana.


Jumanne tarehe 11

Bamwana amekuja. Amekuta sahani ya Jessica mezani. Ameiangalia, ameizunguka, ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Na chakula kiko wapi?"

"Hicho hapo, bamwana."

"Hii majani? Mutoto iko na mimba, muko munamulisha kama sungura." Halafu akaona kikombe. Akakichukua, akakigeuza juu chini, akanitazama na meno yote nje. "Nilisema nini siku ya mahari?"

Nikamweleza: ugonjwa, muganga, mtoto kunenepa. Akasema mtoto mnene ni baraka. Jessica yuko kwenye cherehani, kichwa chini, anashona mshono ule ule mara mbili.

Alipoondoka nilisema kwa sauti, peke yangu na kuku: Généreuse, utalipa.


Alhamisi tarehe 13

Amelipa, ila hajui bado.

Nilikuwa shambani kwenye mihogo. Mvua ilinirudisha kabla ya saa sita. Napita nyuma ya nyumba nikasikia mlio ambao kila mtu anaujua, ule wa fanta ikifunguliwa kwa meno. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Bamwana amekaa kitandani kwa mwanawe. Kikapu cha samaki miguuni, na chini ya majani ya samaki kuna chupa mbili za fanta. Fanta hii ambayo madukani hapa haionekani miezi sasa, harusi zinafanyika kwa maji! Ameitoa sijui wapi, ng'ambo labda.

"Kunywa, mama. Kunywa haraka bwana yako hajarudi."

"Mama, muganga amekataza."

"Muganga amekuzaa? Unakataa kitu mukononi ya mama yako?"

Huku kwetu kinywaji cha mkononi mwa mama hakikataliwi. Jessica akanywa. Chupa ya pili bamwana aliimimina kwenye thermosi, akaisukuma uvunguni mwa kitanda. Chupa tupu akarudisha kwenye kikapu, maana dukani wanazidai. Vifuniko akavitupa nje dirishani, vikaangukia karibu na mguu wangu.

Ningeweza kuingia. Ningeweza kumnyang'anya ile thermosi na kuimwagia kuku. Miguu yangu ilianza hata kwenda. Kisha nikafikiri: nikiingia sasa, atasema ni fanta moja tu, nimemwonea, na Jessica atamtetea. Ushahidi wa siku moja ni uchongezi. Ushahidi wa siku nyingi ni kesi.

Nikaokota vifuniko viwili, nikavifunga kwenye kona ya kitenge.

Boaz alipopima: mia moja themanini na nne. Akapima tena, akifikiri mashine imekosea.


Jumanne tarehe 18

Amekuja. Viwili.


Alhamisi tarehe 20

Viwili. Nimeviweka ndani ya kopo la zamani la maziwa, juu ya dari ya jiko.


Jumapili tarehe 23

Kanisani wameomba kwa ajili ya Jessica. Bamwana alikuja na kwaya yao ya Magara, akalia machozi ya kweli. Nilimtazama akilia nikafikiri, lia, akiba hiyo utaihitaji.

Familia mbili zitakutana hapa kwetu Jumapili tarehe 23 Machi, kupanga nani atawalea mzazi na mtoto baada ya kujifungua. Yeye anataka Jessica aende Magara. Siku hiyo nitasimama na glasi yangu ya maji. Sitasema neno. Nitafungua kopo na kuvimwaga vifuniko mezani, kimoja baada ya kingine, mbele ya pasta aliyecheka.

Nimelifanyia mazoezi jambo hili nikipalilia. Ni zuri.


Alhamisi tarehe 27

Boaz amepunguza ugali. Kikombe sasa ni nusu. Anasema labda anapima vibaya. Amemwomba mke wake msamaha. Jessica alilia, akasema ni yeye wa kuomba radhi, Boaz hakuelewa, na mimi nilikuwa mlangoni na sinia la maharage mkononi.

Nilielewa. Nikaweka sinia mezani nikasema chakula kinapoa.


Jumanne tarehe 4 Machi

Viwili. Mia mbili na tatu.

Njaa ndiyo inayomfanya Jessica anywe zaidi sasa. Kikombe nusu, mtu mwenye mimba. Wiki ya kwanza alikuwa anakataa mara tatu kabla ya kupokea, leo ameinyoosha mikono mwenyewe. Kikao bado wiki tatu kasoro siku mbili. Fanta haijaua mtu.


Ijumaa tarehe 7

Muganga Anita amempima tumbo kwa utepe. Linakimbia, kasema, limezidi wiki zake. Akamwuliza Boaz kama anafuata masharti. Mwanangu, mwalimu, mtu anayeogopwa na watoto themanini, alisimama mbele ya yule binti kama mwanafunzi asiyefanya zoezi.

"Ninafuata," akasema. "Sijui ninakosea wapi."

Nilikuwa benchi la nyuma. Kinywa kilifunguka. Nilikuwa na maneno yote. Halafu nikaliona lile kopo likimwagika mezani, nikamwona Généreuse na meno yake yakirudi ndani, nikakohoa. Anita akasema mama, una mafua, nenda dirisha la pili.


Jumatatu tarehe 10

Mvua ya mawe. Lengalenga zimechanika zote.


Alhamisi tarehe 13

Viwili. Sijalala vizuri wiki hii, lakini ni mvua.


Alhamisi tarehe 20

Ninaandika nikiwa Rumonge, kwenye mkeka, uwanja wa hospitali.

Juzi Jumanne bamwana alileta nne, kwa sababu alisafiri na hangerudi hadi Jumapili ya kikao. Tatu zilibaki kwenye thermosi na kwenye chupa ya maji. Jana asubuhi Jessica alikuwa na kiu isiyokatika, anakojoa kila dakika, macho yameingia ndani. Kufikia saa sita anatapika. Boaz alikuwa shuleni. Nilimtoboa kidole mwenyewe, nikatoboa viwili kabla ya kupata tone. Mia tatu na kumi na sita.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na minne na mguu mmoja mbovu, nilikimbia kwenye matope hadi shuleni nikaingia darasani bila hodi. Watoto wote walisimama wakasema karibu mgeni. Boaz aliniona uso tu. Akaacha chaki ikaanguka.

Barabara ilikuwa imekatwa na maji pale kwenye daraja dogo. Pikipiki haikupita. Boaz alimbeba mkewe mgongoni, maji yakimfika kiunoni, na mimi nyuma nikishika kiuno cha Jessica asiteleze. Jessica aliniambia sikioni, "Mama, mtoto hajacheza tangu jana jioni."

Hakumwambia mume wake. Aliniambia mimi.

Ng'ambo ya maji tulipata gari la mawese. Hapa hospitali wamemtundikia maji, wamempa sindano ya insulini, wamemfunga mkanda tumboni wakisikiliza. Moyo wa mtoto upo. Daktari kasema upo, lakini tusubiri. Akauliza amekunywa nini. Jessica akageukia ukuta.

Nilikuwa nalijua jibu mwezi mzima na siku sita.


Jumamosi tarehe 22

Mtoto amecheza. Mungu, murakoze, asante.

Na bamwana amefika, mbio, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, akilia tangu getini. Na kabla hajakaa akaanza: "Nilisema! Mumemuua na njaa. Na kikombe yenu!" Wagonjwa wote waligeuka.

Nilikuwa nimeliagiza kopo. Ndiyo, nilimpa Ndayisaba ujumbe alete nguo na kopo lililo juu ya dari ya jiko, asifungue. Sikungoja kikao. Nililifungua nikalimwaga juu ya mkeka, mbele yake, mbele ya Boaz, mbele ya wanawake waliokuwa wanafua. Vifuniko vikaviringika hadi kwenye mabeseni yao.

"Hii ndiyo njaa iliyomlaza, bamwana," nikasema. "Wewe ndiye uliyemnywesha. Chini ya samaki. Na thermosi uvunguni."

Sikuwahi kuona mtu akizimika akiwa amesimama. Alivitazama. Alikaa chini kwenye matope. Alianza kuviokota kimoja kimoja akiviweka mapajani, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Huyu nilimuzaa njiani, tukikimbia vita. Siku nne sijakula. Maziwa ikakosa. Nilimupa maji ya mutoni na kidole. Nikaapa akibeba mimba atakunywa tamu mupaka achoke."

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo miaka miwili. Ilikuwa tamu. Nisiandike uongo hapa, ilikuwa tamu kwa muda wa mtu kumeza mate.

Kisha Boaz akachuchumaa. Akachukua kifuniko kimoja, kimeota kutu.

"Mama. Hiki ulikiokota lini?"

Nilianza kukunja kona ya mkeka.

"Kina kutu, Mama. Cha kwanza kabisa ulikiokota lini?"

"Tarehe kumi na tatu," nikasema.

"Ya mwezi huu?"

"Februari."

Alitoa lile daftari la sukari kwenye koti lake. Akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mia moja themanini na nne. Hakupaza sauti. Alilifunga, akaingia ndani kwa mke wake. Bamwana alikuwa bado anaokota, analia, na Kirundi tulichokuwa tunasema chini chini hakishiki vizuri. Hakusikia.


Jumapili tarehe 30

Tumerudi nyumbani. Insulini asubuhi na jioni, Boaz ndiye anayechoma. Bamwana hajaja. Watu wa Magara wanasema haongei tena sokoni, anauza samaki kwa bei ya kwanza anayotajiwa.

Nilichotaka nimekipata.


Jumanne tarehe 8 Aprili

Tisini na moja. Mia na ishirini na nne.

Boaz ananisalimu. Ananiita Mama. Ananipa kiti. Kila kitu kipo, kama mchuzi ambao umewekewa vyote isipokuwa chumvi. Chakula cha Jessica sasa anapika yeye mwenyewe kabla ya kwenda shule. Mimi naosha sufuria.


Jumapili tarehe 20, Pasaka

Nilikwenda Magara kwa miguu yangu, nikamwambia Généreuse kwamba Jessica anamtaka. Nilipofika alisimama kama mtoto aliyekosa. "Bamwana, unisamehe," akasema. "Wewe ndiye mama yake ya kweli. Miye nilikuwa nikimuua."

Nilipaswa kusema. Nilisema, "Yamepita."


Jumatatu tarehe 28

Msichana. Kilo tatu na nusu na kidogo, amepita mabega na yote. Walimtoboa kisigino kupima sukari, ikawa chini kidogo, wakamweka titini mara moja, ikapanda. Jessica pia, sukari imeshuka. Atapimwa tena wiki ya sita. Boaz alilia kwenye korido na daftari mkononi. Ana pua yangu, mtoto. Kila mtu amesema.


Jumatatu tarehe 5 Mei

Leo siku ya nane tumemtoa mtoto nje na kumpa jina. Mvua imekwisha, uwanja umekauka. Watu wamejaa, kwaya ya Magara na ya kwetu, wote wanakunywa maji na maziwa ya mgando, hakuna aliyethubutu kuleta fanta.

Kwa sisi Warundi jina ni barua. Mtu ana ugomvi na jirani, hamwiti mahakamani, anamzaa mtoto na kumwita Wananichukia, halafu jirani anausikia ujumbe wake kila asubuhi mtoto akiitwa kuoga. Hapa kwetu yuko jamaa anaitwa Hawaridhiki, kwa ajili ya wifi za mama yake, na wifi hao wote wamekwisha kufa, yeye bado anaitwa.

Baba ndiye anayetaja. Nilifikiri atataja jina la mama yangu. Boaz alisimama, akanitazama mimi, si mtoto, akasema: "Anaitwa Barabizi."

Watu wakapiga makofi. Kila mmoja alimtazama jirani yake akijaribu kujua barua ni ya nani. Pasta aliona ni ya Mungu. Mimi niliipokea pale nilipokaa.

Généreuse, Kirundi chake ni cha kuuzia samaki. Akaniinamia. "Bamwana, hiyo jina iko na maana gani?"

"Wanajua," nikasema.

"Nani banajua? Banajua nini?"

Ningesema Mungu anajua, malaika wanajua. Ulimi ulikuwa tayari. Boaz alikuwa anamimina maji kwa wageni, ila jagi lilisimama hewani.

"Twende nyuma," nikamwambia.

Nyuma ya jiko, chini ya dirisha, nilimwambia. Kwamba nilisimama hapa. Kwamba niliona fanta ya kwanza, na ya pili, na zote. Kwamba ningeweza kuingia kila siku, na kila siku sikuingia, ili nimwage kopo mbele ya watu. Kwa sababu ya kikombe.

Nilingoja kofi. Nilingoja ule mdomo unaosikika ng'ambo. Hata nilivua miwani.

"Mutoto angekufa," akasema, "ungenilaumu miye?"

"Ningekulaumu hadi kaburini."

"Na miye ningekubali." Aliliangalia lile dirisha. "Ningekubali, Agata."

Hajawahi kuniita kwa jina. Aligeuka akarudi kwa watu. Nilipofika uwanjani alikuwa amemchukua mtoto kutoka kwa Jessica. Akamweka mikononi mwangu, katikati, mbele ya kwaya mbili. Sauti yake ilikuwa imerudi yote.

"Bibi yake amuite," akasema. "Kwetu mutoto haina jina mupaka bibi amuite."

Sijui kama kwao ni hivyo. Nikaita. "Barabizi."

"Batu ba nyuma hawasikii."

"Barabizi."

"Hata ziwa haijasikia, bamwana."

Boaz alikuwa ameweka jagi chini. Nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kumfukuza mwizi, na mtoto akafungua macho, akanitazama.